Ua la Katikati

Kabla Chuo cha Serikali cha Ponnamkara hakijawa na vigae na nguzo, kilikuwa banda ambamo mwalimu mmoja aliyeletwa na raja aliwafundisha hesabu watoto wa makarani. Watu wa ukoo wa Thankamani, waliohesabiwa tabaka la chini, hawakuruhusiwa hata kupita barabara ya mbele yake. Ndiyo maana mama yake, Kalyani, alipoajiriwa kufagia ua wa chuo hichohicho miaka mingi baadaye, kila asubuhi alivua ndara langoni kana kwamba anaingia hekaluni. Alifia kazini. Serikali ikampa bintiye nafasi yake, kama ilivyo desturi kwetu mtumishi akifa kabla ya kustaafu. Thankamani akaurithi ufagio, na pamoja nao akarithi heshima moja ambayo serikali haiigawi.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Onam, sikukuu yetu ya mavuno, sakafu ya ukumbi mkuu hutandazwa duara la maua la kumkaribisha Mfalme Mahabali. Wanafunzi huleta vikapu vya maua ya sokoni, ya manjano na ya zambarau, lakini hakuna anayedondosha hata petali moja mpaka ua la kwanza liwekwe katikati. Ua hilo ni thumba, kiua cheupe kama punje ya mchele, ambacho mfalme alikipenda kuliko yote kwa sababu ya udogo wake. Kalyani ndiye aliyekuwa akiliweka. Mwanamke ambaye babu zake walifukuzwa barabarani alipiga magoti, na wakuu wa chuo wakasimama wakimsubiri. Baada yake akapiga magoti Thankamani.

Thumba zenyewe ziliota nyuma ya ukumbi, karibu na kisima cha zamani. Thankamani aliwakataza watu wa bustani wasikate majani pale. Alizichuma kama mama yake alivyomfundisha, ua moja moja, na kuuacha mmea usimame mpaka udondoshe mbegu zake wenyewe.

Kisha akaja Bindulekha. Aliajiriwa maktaba kubeba na kupanga vitabu, ingawa alikuwa na shahada, kama walivyo wengi siku hizi wanaofaulu mtihani wa serikali na kushukuru kwa kazi yoyote. Asubuhi alichora mapambo kwa unga wa mchele mlangoni mwa maktaba, na wanafunzi walisimama kumpiga picha. Thankamani alikuwa akifagia hatua chache tu kutoka pale.

"Dada Thankamani, njoo uone tausi wangu," Bindulekha alimwita siku moja.

"Nimemwona. Ana shingo ya bata."

Wanafunzi wakacheka. Bindulekha naye akacheka, akairefusha shingo kwa kidole, na tausi akawa mzuri zaidi. Hilo ndilo lililomchoma Thankamani. Mtu mwenye wivu hupenda kuchukiwa, maana akichukiwa hupata sababu. Huyu msichana hakumpa sababu yoyote.

Mwaka chuo kilipotimiza miaka mia moja na hamsini, mkuu wa chuo, Madam Aleyamma, alimwita ofisini.

"Thankamani, mwaka huu tuna wageni wakubwa. Hata waziri anakuja. Nimeona Bindulekha asimamie duara, mkono wake unajua kuchora."

"Na ua la kwanza, Madam?"

"Si huwa linawekwa na anayesimamia?"

"Ndivyo, Madam."

"Basi. Na wewe upumzishe magoti."

Alirudi nyumbani akiwa amefura. Mumewe, Sukumaran, dereva mstaafu wa basi, alikuwa barazani akimenya ndizi za kukaanga.

"Magoti yangu yamemkosea nini yule mama?" Thankamani aliuliza.

"Magoti yako? Yanalia kama gia za basi langu la mwisho. Mwachie mtoto wa watu ainame."

"Nyamaza, mwanaume wewe. Hujawahi kuwa na kitu cha kuonewa wivu."

"Ninacho. Nina wewe."

Hakucheka. Kesho yake alasiri, watumishi wote walipokuwa kwenye kikao cha maandalizi, alikwenda nyuma ya ukumbi na gunia. Hakuchuma. Aling'oa, mmea mmoja baada ya mwingine, mizizi ikitoka na udongo wake, mpaka kando ya kisima pakabaki pekundu kama kidonda. Jioni akawamwagia mbuzi wa jirani mimea ile.

Watoto wetu wote wanajua kwa nini Mahabali anaishi chini ya ardhi. Katika enzi yake hapakuwa na mkubwa wala mdogo, wala mwongo wala mwizi, na miungu ikamwonea wivu, ikamkandamiza chini kwa unyayo. Mara moja tu kwa mwaka hupanda kuwatazama watu wake. Thankamani aliwasimulia wanawe kisa hicho tangu wakiwa wachanga, na kila mara aliilaani ile miungu. Wivu wa mwenzio unauona hata ukiwa mbinguni. Wako umeukumbatia na huuoni.

Asubuhi ya sherehe Bindulekha alimjia mbio, sari yake nyeupe yenye pindo la dhahabu ameishika mkononi.

"Dada, thumba haziko! Hata moja!"

"Mimi ni mlinzi wa magugu?"

"Lakini dada, ni wewe unayejua..."

"Wewe una shahada, mdogo wangu. Itumie."

Bindulekha akaelekea jikoni kwa wapishi waliokuwa wakikoroga payasam, uji mtamu wa sikukuu. Alirudi na bakuli la nazi iliyokunwa. Akapiga magoti, akaweka nazi ile katikati, nyeupe, laini, na wanafunzi wakaanza kuzungusha maua.

Thankamani alisimama kando ya nguzo akingoja mtu aseme. Hakuna aliyesema. Waziri alilisifia duara. Madam Aleyamma alipiga makofi: "Jamani, nazi! Nani angefikiria?" Picha ya duara lile ikatiwa fremu na kutundikwa mlangoni mwa ukumbi. Ikawa sehemu ya kazi ya Thankamani kuipangusa vumbi kila asubuhi.

Mvua zilipoanza tena, Bindulekha akahamishiwa chuo kingine, upande wa pili wa mji. Thankamani, aliyekuwa amebakiza miezi tu astaafu, akarudishiwa duara lake. Akafurahi kama bibi harusi, akaenda kisimani kutazama.

Paliota nyasi tupu. Mimea iliyong'olewa haikuwa imedondosha mbegu. Alitafuta kwenye viwanja vya jirani, vyote vilikwishatiwa saruji. Alimuuliza muuza maua sokoni.

"Thumba? Mama, nani anauza magugu?"

Siku moja kabla ya sherehe, mtu akamwambia mahali zilipo. Alikwenda kwa mwendo mzito, akasimama kwenye ua wa nyumba ya Bindulekha. Kando ya jiko la nje thumba zilikuwa zimejaa, ndefu, nyeupe, zenye afya kuliko zilivyowahi kuwa chuoni. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa aibu. Aliona wivu. Hata magugu yalimpenda yule msichana!

Bindulekha alitoka akipangusa mikono.

"Karibu, dada. Chai?"

"Sikuja kunywa chai. Kesho nasimamia duara."

"Nimesikia. Nimefurahi."

"Hizi umezitoa wapi?"

"Mwaka jana, sherehe ilipokwisha, nilikuta mmea mmoja karibu na kisima. Uling'olewa, kisha ukamdondoka mtu kutoka kwenye gunia, nadhani. Ulikuwa bado na mbegu."

Thankamani alitazama chini. Hakuna aliyesema jina la mtu yeyote.

"Naomba maua kidogo," alisema. "Na mche mmoja, nirudishe kisimani."

Bindulekha aliingia ndani, akatoka na jani la mgomba, akamkabidhi.

"Chuma, dada. Mche nitakuchimbulia mwenyewe."

Thankamani akapiga magoti, yakalia, akaanza kuchuma ua moja moja, taratibu, huku mwenye nyumba amesimama nyuma yake akimsubiri.