Sungura wa Uso wa Duara

Bi Masika, mshonaji wa Kengeja, alifuga sungura kwa kupenda sura zao. Wenye nyuso ndefu na miili myembamba aliwagawia majirani. Wenye nyuso fupi na mashavu yaliyojaa aliwabakisha, wakazaana wao kwa wao, mpaka akampata Yasmini, jike mnene mwenye uso wa duara kama kitumbua.

Siku moja Yasmini akakataa kula. Majani ya viazi aliyatia mdomoni, kisha akayaangusha. Bi Masika hakutulia. Alishona kidogo, akaenda bandani, akarudi, akafumua alichoshona kwa kuwa kimekwenda upande. Kesho yake asubuhi alimtia Yasmini kikapuni akampeleka Mkoani kwa Haroub, daktari wa mifugo.

Haroub alimfungua mdomo. Meno yalikuwa yamerefuka na kupishana, yakimchoma ulimi.

"Uso ukiwa mfupi mno, Bi Masika, meno ya juu na ya chini hayakutani. Yasiposagana, yanazidi kukua."

"Kumbe nimemuumiza mimi, kwa kumtaka mzuri?"

"Hukujua," alisema Haroub, akiyapunguza meno taratibu. "Ila usimzalishe tena."

Alasiri ile Yasmini alikula, polepole. Lakini bandani walikuwamo wengine kumi na mmoja wenye sura ileile. Bi Masika aliwatenga madume na majike, akapiga magoti, akaanza kuwafungua midomo mmoja mmoja, akiyatazama meno yao.