Vichwa Vitatu vya Kondoo

Mpwa wangu alipewa kufundisha somo la ubongo na tabia siku nne kabla ya chuo kufunguliwa, maana mwalimu wa zamani aliondoka bila kuaga. Mkuu wa idara akamkabidhi picha za kuonyesha ukutani. "Kazi nyepesi, mama. Zisome tu."

Machale yakanicheza. Mpwa wangu alisomea ushauri nasaha, si mishipa ya fahamu, na mkataba wake ulikuwa wa muhula mmoja wa majaribio. Akiboronga, anafungasha.

"Mjomba, una kisasi gani na yule bwana?"

"Sina. Ila yeye ni mpole kupita kiasi."

Niliuza nyama miaka thelathini na minane. Shule yangu ni magazeti, niliyoyasoma kabla ya kufungia maini. Zamani kichwa tulikifungua kwa msumeno, taratibu, mteja apate ubongo mzima. Wauzaji wa leo wanapiga shoka, wanakupa uji. Ndiyo maana alinileta mimi nimfungulie vichwa vitatu vya darasani, jikoni kwake, kompyuta ikiwa mezani.

Nikaitazama picha, nikautazama ubongo mkononi.

"Mwanangu, kondoo wa chuo chenu anatembea kinyumenyume."

Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, picha iliuweka kwenye paji la uso. Naye mpwa wangu alishaikariri hivyo hivyo. Chini ya picha palikuwa na jina la mkuu mwenyewe.

"Umetegwa," nikasema. "Ukisoma, umeboronga. Ukisahihisha, umemuumbua."

Akaendelea kuuosha ubongo.

Siku ya somo mkuu aliketi nyuma na daftari. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo niliyobebea ubongo. Mpwa wangu akawasha picha.

"Hii ina kosa. Mimi mwenyewe niliiamini mpaka jana. Njooni muone."

Wanafunzi wakazonga meza.

"Mwalimu, hofu inakaa wapi?"

"Ndani zaidi, huku pembeni."

"Ya kondoo huyu imeshaganda!" mmoja akadakia, wakacheka.

Mkuu akaja, akavaa glavu, akaugeuza ubongo mara mbili.

"Miaka sita," akasema polepole, "na hakuna aliyeniambia."

Kesho yake akampa mkataba wa mwaka mzima, pamoja na picha zake zote azikague. Mpwa wangu anauita huo uungwana. Mimi naona katwishwa kazi ya watu wawili, tena kwa shukrani.

Nimemwambia asitie saini kabla sijausoma.