Baba Mkubwa Alipokuja, Nikamwambia Arudi Kesho

Kuna siku moja ninayoikumbuka kwa aibu, mwanangu. Juzi ulikuja kwangu na daftari tupu ukasema umekwama, hapa Rungwe hakuna cha kuandika. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni, lakini uliniudhi. Sasa kaa nikusimulie.

Nilikuwa mwalimu kijana pale Ikuti, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilipoanza kujaa soko la Tukuyu na mali za umma zikaanza kutafutiwa wenyewe. Nilitaka kuandika riwaya. Nilikuwa na mpelelezi wangu, nikampa koti refu na bastola, nikamwingiza kwenye lifti ya hoteli moja kubwa ya Nairobi. Humo kwenye lifti akanigandia. Miezi mitatu hakupanda wala hakushuka. Naandika sentensi moja, naifuta, naiandika tena ileile.

Nililaumu mvua, na mvua ya kwetu unaijua, haichoki. Nikalaumu kalamu. Nikamlaumu hata mama kwa kutwanga karibu na dirisha langu, naye, Mungu amrehemu, akahamisha kinu bila neno. Hebu fikiria. Mama mzima anahama kwenye uwanja wake kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Basi Jumamosi moja mchana akaja baba mkubwa Ambakisye, kaka yake baba. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, kazi aliyoianza kabla sijazaliwa. Alikuwa bado na ovaroli yake, viatu vimejaa tope, kofia kaishika mkononi. Hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Atupele, nina neno," akasema.

"Baba, naandika. Urudi kesho."

Ndivyo nilivyomjibu, mwanangu, na sikuinua hata macho. Mtu aliyenibebea sanduku langu mgongoni siku ya kwanza naenda chuo cha ualimu.

Hakuondoka. Akauliza, "Unaandika nini?"

"Riwaya. Nimekwama, sina wazo."

"Nisomee."

Nikamsomea. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza mashine inayougua. Nilipomaliza akaniuliza kama hiyo lifti nimewahi kuipanda. Nikasema bado. Na Nairobi nimefika? Bado.

"Na huyu mwenye bastola ni mtoto wa nani?"

Nikaanza kupekua kurasa. Hapo ndipo aliponikaripia, tena kwa sauti ya chini, na karipio la sauti ya chini ndilo linalochoma.

"Leo asubuhi wametupanga uwanjani. Mwenye kiwanda mpya kaja na karatasi. Anayesikia jina lake anaingia kazini, asiyesikia anarudi kwao. Mimi sikusikia. Nimepita nyumbani kwangu mara mbili, nimeshindwa kuingia, sijui nimwambieje mama yako mkubwa. Nikasema niende kwa Atupele, yeye ndiye mwenye maneno. Kumbe maneno yako yote umewapa watu wa hotelini."

Nilifunga daftari nikafuatana naye. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumsaidia, na yote yalikuwa ya kitabuni. Tulimkuta mama mkubwa anamenya ndizi. Baba mkubwa akasema tu, "Nimerudi." Mama mkubwa akamtazama, akatazama ile kofia mkononi, akaongeza ndizi mbili kwenye sufuria.

"Haya," akasema, "leo utazila zikiwa moto."

Miaka yote ya zamu za kiwandani, yule mzee alikuwa akila chakula kilichopoa. Akakaa chini, akalia. Nami nikatoka nje kwa sababu niliona sistahili kutazama.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, niliketi nikaandika mpaka jua likazama. Sikukwama hata mara moja. Nikampelekea baba mkubwa nimsomee. Akanizuia katikati.

"Umeandika nililia pale uwanjani. Nyumbani nililia, uwanjani sikulia. Nilicheka. Waliposoma jina la mwisho nilicheka kama mwehu, mpaka jirani yangu akanisukuma. Andika hivyo."

"Watu watakuona vibaya, Baba."

"Basi waone. Ukinisitiri, huyo utakayemwandika si mimi."

Nikaandika kwamba alicheka. Nikapeleka hadithi kwa mchapishaji mmoja mjini. Ikarudi na kipande cha barua: wasomaji hawataki habari za majani ya chai, wanataka mikasa. Mikasa! Watu waliozeeka kazini wanarudishwa makwao asubuhi moja, na bwana yule haoni mkasa. Hasira ile sijaimaliza mpaka leo. Lakini daftari langu lilitembea. Wachumaji wa chai walipokezana, likafika Nkunga na Igogwe, likarudi halina jalada. Na kila aliyelirudisha alikaa kwenye benchi langu akasema, "Hapa umekosea, mwalimu, kwangu haikuwa hivyo." Tangu hapo sijui kukosa wazo ni nini. Ninachokosa ni umri wa kuyamaliza yote.

Sasa unanijia wewe, umepita katikati ya watu hawa wote, unasema kichwa ni kitupu. Penye miti hapana wajenzi. Wazo halishuki darini, mwanangu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kalamu ikigoma, usiikodolee macho. Toka, mwenda bure si mkaa bure. Mtafute mtu aliyepatwa na jambo, mwamkie, kaa chini, unyamaze. Usimkate kauli. Usimpambe, wala usimfiche. Ukishaandika, rudi umsomee, na akikukosoa, futa. Usijizulie miji usiyoijua kwa kupaonea haya kwenu. Ukifika huko siku moja, utaiandika. Na mtu akija mlangoni ana neno, weka kalamu chini kwanza. Hilo nakuamuru, sikuombi.

Nimekusema kwa ukali kwa sababu najua unaweza. Mungu wa baba zetu akupe sikio la kusikia na mkono usioogopa. Akuepushe na kiburi kilichonishika mimi. Wenye habari zao wakuamini, na utakachoandika kiwe na faida kwao kabla hakijawa sifa kwako. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunisikiliza. Nenda salama.