Fundi Aliyekuja Kabla ya Fundi

Nitaanza na ng'ombe, kisha nitafika kwenye kompyuta. Usiniharakishe. Mimi shule niliishia darasa la tatu na kichwa changu hakijui njia ya mkato, lakini hakuna aliyewahi kuniita mtunga maneno. Haya yalinipata mimi. Na hayakunipata usiku, kama watu wanavyopenda mambo haya yawe. Yalinipata saa saba mchana, Majengo, Dodoma mjini, dukani kwa binti yangu.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Wangapi, sisemi, kwetu ng'ombe hatajwi idadi mbele za watu. Na hakuna Mgogo mwenye akili timamu anayeweka ng'ombe wote zizi moja, maana ugonjwa ukiingia umebaki na fimbo tu. Kwa hiyo nusu walikaa kwetu Mlali, na nusu baba aliwaweka kwa rafiki yake, Mzee Ndahani, huko upande wa Chemba, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Utaratibu ulikuwa huu: mwenye ng'ombe akienda kuwachukua, anakwenda na shahidi, mtu wa tatu anayejulikana kwa pande zote mbili. Bila shahidi hufungui zizi.

Mwaka mmoja wa ukame wale wa nyumbani wakaisha. Baba akamchukua mjomba awe shahidi, na mimi nibebe kibuyu, tukaenda Chemba. Tukakuta zizi tupu. Mzee Ndahani akamtazama baba kama mtu anayetaniwa.

"Mwenzangu, si umekuja juzi mwenyewe? Umelala hapa, umekula mlenda wangu, asubuhi umewaswaga."

"Mimi?"

"Wewe. Na hilo kovu lako la shavuni."

"Na shahidi wangu alikuwa nani?"

Mzee Ndahani akainamisha kichwa. "Nitakudaije shahidi, na uso wako naujua? Ningeona haya."

Baba hakugombana naye. Aliketi palepale zizini, kwenye samadi kavu, mpaka kivuli cha boma kikamfunika. Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Uso si shahidi." Wapo waliosema Ndahani aliwala ng'ombe wetu akatunga hadithi. Labda. Lakini mimi nilimwona akilia, na mwizi halii vile. Basi yule aliyekuja na kovu la baba alikuwa nani? Nimelibeba swali hilo maisha yangu yote, sikujua kwamba litanifuata mjini.

Sasa kompyuta.

Binti yangu Yustina anarekodi harusi, kipaimara na kwaya, kisha anazitengeneza kwenye kompyuta kubwa ya mezani. Ndani ya kompyuta hiyo, kati ya harusi za watu, kulikuwa na sauti ya mama yake. Mke wangu alipokuwa anaumwa, wiki ile ya mwisho, Yusta aliweka simu kando ya kitanda ikarekodi, mama aseme anachotaka kutuachia. Yeye mwenyewe akaenda jikoni kupika uji, maana hakuweza kusikiliza. Simu baadaye iliharibika. Ikabaki ile ya kwenye kompyuta. Na niseme ukweli, hakuna kati yetu aliyewahi kuisikiliza mpaka mwisho. Yusta kwa sababu ya machozi. Mimi kwa sababu ya ng'ombe.

Unaona, tumerudi kwa ng'ombe. Mke wangu alikuwa na ng'ombe wake mmoja wa maziwa, alipewa na kaka yake. Mimi nilimuuza bila kumwambia, nikanunua bati za nyumba yetu ya Mlali. Hakunigombeza. Ila kila mvua ilipopiga bati alikuwa akisema, "Sikia, ng'ombe wangu analia." Miaka yote hiyo, kila mvua. Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu: je, aliondoka amenisamehe? Kama jibu lipo, lilikuwa mwishoni mwa sauti ile, na nililiogopa kuliko ninavyoogopa kifo changu.

Basi diski ya kompyuta ikaanza kulia, ti, ti, ti, kama nyenje. Fundi wa Yusta, kijana mmoja wa mjini anaitwa Swalehe, ana ndevu zake na ana watoto wawili, akasema hiyo inakufa, hamisheni vitu haraka. Yusta akahamisha vyote kwenye diski ndogo ya mfukoni. Diski ya zamani ikafa siku ya pili. Swalehe akashauri zinunuliwe mpya tatu: moja ya kasi, isiyozunguka, ya kuwashia mashine, na mbili kubwa za kuzunguka, ambazo angezifunga pamoja kwa kitu wanakiita reidi.

"Babu," aliniambia, "hizi mbili zitakuwa pacha. Kinachoandikwa huku, na huku kimeandikwa. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi."

"Na boksi likiungua?"

Akacheka. "Eh! Babu wewe ungesoma ungetusumbua."

"Basi hilo ni zizi moja lenye milango miwili," nikamwambia. "Ile ndogo mimi naondoka nayo Mlali."

Yusta akakubali. Akanipa ile diski ndogo, nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Jumamosi akaenda Gulwe kurekodi harusi, akaniacha dukani na zile diski mpya, nimsubiri Swalehe aje kuzifunga. Akasema, "Baba, usimpe mtu mpaka nirudi." Nikasema sawa. Nilisema sawa, mnanisikia?

Siku hiyo upepo wa Dodoma ulikuwa ule wa kumfanya mtu atafune mchanga. Saa saba mlango ukafunguka, akaingia Swalehe. Ndevu zake, shati lake la mistari, sauti yake.

"Mbukwa," akasema.

Nikaitikia, ndipo nikashtuka. Swalehe hajui Kigogo. Babu zake walikuja na biashara enzi za misafara, nyumbani kwao ni Kiswahili mwanzo mwisho, na mimi tangu nimfahamu ananiamkia shikamoo. Nikatazama viatu vyake. Vyeusi, vinang'aa, kama vimetoka kwenye boksi sasa hivi. Nje huko hata mbwa alikuwa mwekundu kwa vumbi.

Niamini, niliviona vyote viwili. Nikajitetea moyoni: labda kajifunza salamu kunifurahisha, labda kashushwa na gari mlangoni. Mtu akishaujua uso, anautafutia sababu.

Akafungua kompyuta. Nimewahi kumwona Swalehe kazini: anaangusha skrubu, anaitafuta kwa tochi ya simu, anailaani. Huyu hakuangusha kitu. Hakutafuta kitu. Diski zikaingia kama nyoka anavyoingia shimoni mwake. Kioo kikawa cheusi kikaandika maneno meupe, akabonyeza, kikauliza tena, akabonyeza bila kusoma. Nikamkaribisha chai, akasema ameshiba. Swalehe hajawahi kukataa chai.

Kisha akanyoosha mkono. "Ile ndogo, Babu. Tumrudishe Mama Yusta nyumbani kwake."

"Yusta kasema mpaka arudi."

"Yusta ndiye kanituma."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumuuliza shahidi wako ni nani. Ilikuwa rahisi: namba ya Yusta ninayo, simu ninayo. Lakini nimpigie mwanangu mbele ya fundi wake, kumuuliza kama fundi wake si mwizi? Niliona haya. Haya ileile ya Mzee Ndahani, hata maneno yaleyale. Na yeye akaona nasita, akasema taratibu, "Usiogope, Babu. La ng'ombe limo. Kalisema mwishoni."

Nani alimwambia habari za ng'ombe? Yusta mwenyewe hazijui. Bati zile anadhani ni za pesa ya karanga. Nikajua, ndugu yangu, nikajua kabisa kwamba huyu si Swalehe. Na bado mkono wangu ukaingia kwenye koti. Mtu akikuletea kile unachokitaka kuliko vyote, hata ukimjua ni nani unampa.

Akaichomeka. Swalehe alikuwa amesema kuhamisha kutachukua mpaka jioni. Kwake kulikwisha kabla chai yangu haijapoa. Akanivalisha vile vya masikioni, nikamsikia mke wangu. Kikohozi chake. Majina ya wajukuu. Shamba lile la karibu na korongo apewe nani. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Baba yenu mwambieni, yule ng'ombe yamekwisha."

Nililia nimefumba macho, mikono usoni, sijui muda gani. Nilipofumbua, yule alikuwa mlangoni, diski ndogo mkononi.

"Swalehe!" nikaita.

Hakugeuka. Akatoka kwenye upepo, anatembea tu, hana haraka, kama mtu anayeswaga ng'ombe wake mwenyewe. Nilifika mlangoni nikaona vumbi.

Haikupita saa akaingia Swalehe. Huyu alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope, anahema. "Shikamoo Babu, nisamehe, pikipiki imepata pancha kule Nkuhungu." Nilimtazama viatu. Alipoona kompyuta imeshafungwa na nyaya zimepangwa vizuri kuliko anavyopanga yeye, akasema, "Mmemleta fundi mwingine?"

"Nimekuleta wewe," nikamjibu. Akadhani nimechanganyikiwa.

Yusta aliporudi jioni nilimwambia yote, hata la ng'ombe. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, nisikie na mimi." Akasikia, yamekwisha, akalia. Harusi zote zilikuwemo, kwaya zote zilikuwemo. Nikaanza kufikiri labda hakuna kilichopotea.

Lakini Swalehe, aliyekuwa bado pale, ni mtu wa kazi yake, na kazi ya mwenzake hakuiamini. Akasema atoe diski moja aone kama kweli ile nyingine inaweza kusimama peke yake. Akaitoa. Akaifungulia sauti ileile. Kikohozi kilekile, wajukuu walewale, shamba lilelile, kimya kilekile. Kisha mke wangu akasema, kwa sauti yake, bila hasira, "Baba yenu mwambieni, yule ng'ombe naenda naye kaburini."

Swalehe akarudisha ile ya kwanza, akatoa hii. Yamekwisha. Akabadilisha. Naenda naye. Akafanya hivyo mara nne, jasho linamtoka. "Babu, haiwezekani. Hizi zinaandikwa kwa mkono mmoja, wakati mmoja."

"Mama alisema lipi?" nikamuuliza Yusta.

"Baba, mimi nilikuwa jikoni."

Diski mbili, maneno mawili, na wa tatu ambaye angesema ukweli nilimkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo mvua ikinyesha Mlali natoka nje, nalowana, mpaka ipite. Jirani zangu wanasema ni uzee. Na wewe unayenisikiliza, chukua hili kwa mtu aliyelilipia: viwili vinavyofanana ndani ya boksi moja havitoleani ushahidi. Cha tatu kikae mbali, kwa mtu mwingine, na akija kukichukua mtu unayemjua, muulize shahidi wake, hata awe mwenye mali, hata awe mwanao. Akiona vibaya, aone. Haya inapita.

Jambo la mwisho. Swalehe alipozirudisha zote mbili, kioo kilikataa kuendelea. Kikaandika swali. Akanisomea: mashine imeona pacha hawafanani, inataka iambiwe ipi ni ya kweli, ili iandike ile juu ya nyingine, zifanane tena. Ukishachagua, neno la ile nyingine linafutika, halirudi.

"Chagua tu Baba," Yusta akasema, analia. "Chagua ile ya yamekwisha. Nani atakulaumu?"

Swalehe akanisogezea panya wa kompyuta. Kidole changu kikakaa pale juu. Nikafikiri: mimi ndiye niliyemuuza ng'ombe wake bila kumuuliza. Sasa na neno lake nimchagulie?

Nikachukua koti langu na fimbo yangu. Yusta aliniita mara mbili. Nikatoka kwenye vumbi, nikatembea mpaka stendi, na duka lile sijalikanyaga tena.