Kinu Mara Mbili

Mwalimu wa darasa la kwanza pale Kwihara alikuwa na mazoea ya kuvunja kila chaki vipande viwili, kimoja cha kuandikia, kingine cha mfukoni, hata gauni lake likashinda jeupe kama la msaga unga. Sauti yake ilikuwa ndogo. Watoto sitini walinyamaza wenyewe ili waisikie. Siwema alimwogopa hata hivyo. Mwaka ule serikali ilitaka kila mtoto asome, na mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amemkuta binti wa Siwema, Kabula, uani kwao akipanga mbegu za maboga. Kabula alikuwa na miaka tisa, alisikia vizuri, ila hakuwa akiitika jina lake. Siwema alikwenda shuleni amejiandaa kukaripiwa. Ajabu, mwalimu ndiye aliyetangulia kumwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akafungua daftari.

“Mama, wewe umemfundisha miaka tisa. Mimi ndiyo kwanza naanza. Nyumbani unamwitaje?”

Siwema aliona haya. “Nagonga kinu mara mbili, mwalimu. Hapo huja.”

Mwalimu aliliandika hilo polepole, neno kwa neno, kama anayeandikiwa imla.

Asubuhi iliyofuata Siwema alijibanza dirishani, upindo wa kanga mdomoni. Mwalimu aliita majina. Masolwa? Nipo! Lugembe? Nipo! Kisha akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Kabula, macho bado kwenye mbegu zake, akanyoosha mkono. Mwalimu akatia alama ya vema, akaita jina lililofuata.