Mahali pa kusimama wasindikizaji

Kwenye duka la fotokopi karibu na bandari, msichana anayesoma usanifu majengo alikuwa akichapisha ramani ya uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji aliouzua mwenyewe. Alasiri angeitetea mbele ya profesa. Akishindwa, anarudia mwaka. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaifuata ramani kwa kidole.

"Na sisi wenye kusindikiza, tutasimama wapi?"

"Mama, muji hii haiko. Haina hata muntu."

"Haina muntu? Sasa ndege itabeba nani?"

Sote kwenye foleni tulicheka. Kwetu hakuna anayeondoka uwanjani kabla ndege haijapotea juu ya ziwa. Msichana akaomba kalamu, akalikata kwa mstari duka la manukato kwenye ramani, akachora baraza inayotazama njia ya ndege.

Sijui profesa alisemaje kuhusu wino ule, lakini mji usiokuwapo sasa una watu wa kupunga mkono.