Ng'ombe Thelathini Mbele ya Swima

Mjomba wangu Néhémie alifanya kazi kwenye meli za mizigo miaka ishirini na miwili, kati ya Baraka na Uvira. Hata leo, akiwa mzee wa kukaa nyumbani, hapiti karibu na lori lililopakiwa vibaya bila kusonya. Saruji, unga, mapipa ya mawese: chochote ulichomletea alikipanga hadi meli ikae sawasawa juu ya maji. Alijivuna kupita kiasi, na nakiri alikuwa na haki.

Siku moja aliletewa ng'ombe thelathini walioteremka kwa miguu kutoka Bibokoboko. Mchungaji wao, Gahungu, alikuwa mtu wa milimani ambaye hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Mjomba aliwafunga wote wakiangalia nchi kavu, mikia upande wa ziwa, ili kinyesi kiangukie upande mmoja na asipate taabu ya kusafisha.

Gahungu alimsogelea kwa adabu. "Papa, funga moja aangalie uku, mwingine uku. Bote bakiona kitu kimoja, batakifata."

Mjomba akacheka. "We mutu wa mulima, utanifundisha meli? Ngombe ni muzigo tu, iko na miguu."

Walipofika mbele ya kijiji cha Swima, karibu na nchi kavu, kundi jingine la ng'ombe lilikuwa likinywa maji ufukweni. Mmoja akalia. Wale thelathini wakasikia, wakakata kamba, wakasukumana kwa pamoja kuelekea huko, na meli ikalalia ubavu. Maji yakaingia yakamfika mjomba magotini. Kapiteni Patrice alipiga kelele akiwa kwenye usukani. Abiria tisa walikimbilia upande wa juu, lakini watu tisa ni nini mbele ya ng'ombe thelathini? Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alianza kusali kwa sauti. Mjomba alivuta vipande vya kamba, akachapa kwa fimbo, nao wakazidi kusukumana. Anasema hapo alijua amekwisha kuwaua watu wale, yeye na uvivu wake.

Gahungu alikuwa amelala chini akitapika tangu Baraka. Aliinuka, akajikokota hadi upande wa juu, akafuta mdomo.

"Bihogo," akaita.

Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anavyomwita mkewe aliye jikoni. Ng'ombe mmoja mwekundu akageuza shingo, halafu mwili mzima, akamfuata. Gahungu akataja jina jingine, na mwingine akageuka. Kila mmoja alingoja jina lake, hadi nusu yao wakawa upande wa juu. Meli ikainuka kidogo kidogo, maji yakarudi ziwani, na yule mama akanyamaza katikati ya sala. Mimi nimesikia habari hii mara nyingi, na bado mwili unanisisimka.

"Nilitetemeka," mjomba husema, "na haikuwa woga wa maji. Mi nilikuwa nabeba bale ngombe kama saruji. Kumbe kila moja iko na jina, na inamujua mwenye kuiita!"

Walipofika Uvira, kapiteni alikuja kumshika mjomba mkono. Kutoka kwenye usukani hakuwa ameona vizuri. "Néhémie, uko mwanaume! Umetuokoa."

Jamani, mjomba wangu anapenda sifa kuliko chakula. Siku hiyo alizikataa. "Si mi, kapiteni. Mi njo nilifunga ngombe mubaya, nikakaribia kuua batu. Huyu muchungaji njo ametuokoa."

Kapiteni alimwondoa kwenye kazi ya kupanga mizigo mwaka mzima. Mjomba hakubisha. Alisimama kando ya Gahungu ng'ombe wakishushwa, na kila mmoja alipopita aliuliza, "Huyu anaitwa nani?", akalirudia jina hadi likamkaa kichwani.

Mimi ni Divine, mtoto wa dada yake, na huniita Fanny, halafu Chérie, majina ya dada zangu, ndipo anakumbuka langu. Lakini muulize kuhusu ng'ombe wale. Atavua kofia, ataanza na Bihogo, na hatanyamaza mpaka amewataja wote thelathini.